Msikilizaji Naye ni Mpokezi: Darasa Juu ya Amana ya Khabari

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika darasa yetu ya usiku, kijana mmoja atokaye Likoni alituuliza suala hili: "Sheikh, redio yasema hivi, televisheni yasema vile, na simu yangu yasema kinyume cha zote mbili. Nimsadiki nani?" Wenziwe walicheka, lakini suala hilo si la kuchekwa. Nalimwahidi jawabu kwa maandishi, ili wafaidike nalo ndugu zetu wa Kisauni na Changamwe ambao hawakuhudhuria. Na hili ndilo jawabu.

Sitaanza na makosa ya watangazaji wala ya waandishi wa magazeti. Nitaanza na kosa langu, kwani haifai mwalimu kuwahadharisha watu na moto hali yaficha mkono wake mwenyewe ulioungua.

Usiku mmoja, baada ya sala ya isha, simu yangu ilipokea sauti iliyorekodiwa. Msemaji hakujitaja jina. Alikuwa akihema, akasema kwamba kundi la vijana wenye mapanga limeingia mtaani kwetu Kisauni, limekwisha kuwakata watu wawili, na kwamba kila mtu afunge mlango wake. Mkaazi wa Kisauni hahitaji kuelezwa kwa nini maneno kama hayo huogopesha. Hujuma za vijana wa mapanga tumeziona kwa macho yetu katika miaka hii, na wako waliozikwa kwa sababu yake. Nami nalikuwa na wazazi wapatao sitini katika kundi la WhatsApp la chuo chetu. Sikuuliza wala sikungoja. Niliwapelekea wote sauti ile, nikidhani kwamba nafanya kheri.

Usiku ule ule mzee mmoja muuza madafu alikuwa akirudi kwake na mkokoteni. Na muuza madafu, kama mjuavyo, hana chombo cha kazi illa panga. Watu waliokuwa wametoka kulinda mtaa walimwona gizani na panga lake, wakampiga kabla ya kumwuliza jina. Aliyemwokoa ni mama mmoja aliyemtambua kwa sauti. Alivunjika mkono, na kichwani akashonwa.

Asubuhi yake mwanafunzi wangu mmoja akaniletea simu yake. Sauti ile ile alikuwa nayo tangu miaka miwili nyuma, nayo ilisemwa juu ya mji mwingine kabisa. Kisauni usiku ule hapakuingia mtu yeyote. Nalikwenda kwa mzee yule kumtaka radhi. Alinikaribisha, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Walionipiga nawajua, Maalim, ni watu wanunuao madafu kwangu. Lakini wewe ulisikia kwa nani?"

Sikuwa na jawabu. Nimesoma elimu ya Hadithi tangu ujana wangu, na suala lake ndilo suala la kwanza la elimu hiyo; nami nikaulizwa na muuza madafu, nikanyamaza.

Basi darasa yetu ya leo ni katika suala hilo: ulisikia kwa nani?

1. ZAMANI TULIKUWA MASIKIO TU

Mwaka 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha hapa Mombasa karatasi ya Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la al-Islah. Msomaji wa karatasi hizo aliweza kukubali au kukataa aliyoyasoma, lakini hakuwa na shaka ni nani aliyeyaandika. Aliyekuwa na hoja ya kumpinga Sheikh aliujua mlango wake. Huo ndio msingi wa kwanza wa kuaminiana katika khabari, kwamba msemaji ajulikane na aweze kuulizwa.

Kisha zikaja sauti za hewani. Katika miaka ya 1950 watu wa pwani walisikiliza Sauti ya Mvita kutoka papa hapa Mombasa. Tangu 1954 wakasikia Kiswahili kutoka Cairo. Na tangu Juni 1957 wakasikia Kiswahili kutoka London katika idhaa ya BBC. Katika jioni moja mtu wa baraza aliweza kusikia jambo moja likielezwa na mkoloni, na jambo lile lile likielezwa na adui wa mkoloni. Wazee wetu hawakuwa na skuli za uandishi wa khabari, lakini kwa kulinganisha sauti hizi na hizi walijifunza kwamba kila msemaji ana pahali asimamapo, na kwamba huonekana vizuri zaidi mtu akiketi mbali naye kidogo.

Baada ya uhuru wa 1963 sauti ya hewani nchini mwetu ilibaki mikononi mwa serikali kwa miaka zaidi ya thalathini, mpaka vituo vya watu binafsi vilipoanza kuruhusiwa katika miaka ya 1990. Wakati huo wako wengi waliokuwa wakifungua London ili wajue yaliyotokea Nairobi. Hawakufanya hivyo kwa kuwa Mwingereza ni mkweli kuliko sisi. Walifanya hivyo kwa kuwa walihisi kuna mambo wanayofichwa na redio ya nyumbani, na mwenye kuficha khabari moja ya kweli hushukiwa katika khabari zake mia.

Tena iko khabari ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown hapa Kisauni, alikuwa mtangazaji ajulikanaye na kupendwa nchi nzima, naye ndiye mwenye kipindi cha "Je, Huu ni Uungwana?" kilichoanza 1966. Asubuhi ile askari waasi walimlazimisha kwa silaha atangaze katika Sauti ya Kenya kwamba serikali imepinduliwa. Kituo kilikuwa ni kile kile na sauti ilikuwa ni ile ile wanayoiamini watu, lakini khabari haikuwa kweli; siku ile ile askari watiifu walikikomboa kituo, na serikali ikabaki. Mbotela alifariki Februari 2025, na mpaka mwisho wa umri wake watu walimwuliza juu ya asubuhi ile. Hapana lawama juu yake, kwani mwenye kulazimishwa ana udhuru. Lakini sisi wasikilizaji twapata funzo: haitoshi kuijua sauti, yapasa pia kuijua hali ya msemaji wakati asemapo. Je, yu huru? Ni nani amesimama nyuma yake?

Katika zama zote hizo msikilizaji alikuwa ni sikio. Akisikia uwongo, humdhuru yeye na watu wa baraza lake, kisha huishia hapo. Leo sivyo. Leo kila mwenye simu asikia kwa sikio moja, na kwa kidole kimoja awasikilizisha watu mia. Hapa ndipo jambo lilipobadilika, na wengi wetu hatujaona kwamba limebadilika.

2. MIZANI YA WAPOKEZI

Tazameni lugha yetu ilivyo. Yule aipokeaye Hadithi na kuwafikishia wenziwe, sisi Waswahili twamwita mpokezi. Hatukumwita msemaji, kwa kuwa hasemi lake. Wala hatukumwita msikilizaji, kwa kuwa hakuishia kusikia. Kwa neno hilo kila mwenye kupeleka khabari kwa simu ni mpokezi, na yamlazimu yawalazimuyo wapokezi.

Wanavyuoni wa Hadithi, kama Imamu Bukhari aliyefariki mwaka 256 wa Hijra (870 Miladi), hawakuipokea khabari kwa uzuri wa maneno yake. Waliuliza mambo matatu.

La kwanza, uadilifu wa mpokezi: je, ni mtu mkweli, au amepata kujulikana kwa uwongo? La pili, udhibiti wake: je, huhifadhi vizuri alichokisikia, au huchanganya, akaongeza na kupunguza? Wako watu wema sana, wacha Mungu, ambao Hadithi zao ziliachwa kwa kuwa hawakuwa na udhibiti. La tatu, kuungana kwa isnadi: je, kila mpokezi alikutana kweli na yule anayemtaja, au katikati pana pengo?

Sasa tuipime sauti niliyoipeleka mimi. Msemaji wake wa kwanza hajulikani, basi uadilifu hauna wa kupimwa. Pahali na siku havikutajwa, basi udhibiti haupo. Na aliyeniletea aliandika maneno ambayo sote twayajua: nimeituma kama nilivyoipokea. Watu huyaona maneno hayo kuwa ni udhuru. Kwa mizani ya wanavyuoni hayo ni ungamo. Mtu akiri kwa ulimi wake kwamba hajui khabari imetoka wapi, na kwamba ameifikisha hali ya kuwa hajui.

Mizani hiyo hiyo yafaa kwa redio na televisheni. Mtangazaji asemapo kwamba duru zaarifu, yapasa kujiuliza: duru zipi? Ziko sababu za haki za kulificha jina la mtoa khabari, kama vile kumkinga na dhuluma. Lakini kituo kinachoficha majina kila siku, katika mambo makubwa na madogo, kimejizoesha kukata isnadi. Na msikilizaji mwenye akili hukipunguzia imani kwa kadiri hiyo.

3. WINGI WA SIMU SI USHAHIDI

Kuna shaka moja ambayo vijana huileta: "Lakini, Sheikh, sauti ile nimeipata katika makundi matano. Watu wote hao waongo?"

Jawabu ni kwamba khabari ya wengi, ambayo wanavyuoni huiita mutawatiri, ina sharti lake: wapokezi wawe wengi katika kila tabaka, tangu mwanzo mpaka mwisho, hata isiwezekane kwa desturi kwamba wameafikiana juu ya uwongo. Ikiwa watu elfu wamepokea kwa mtu mmoja asiyejulikana, khabari hiyo ni ya mtu mmoja asiyejulikana. Mwangwi wa bondeni hurudi mara nyingi, lakini aliyepiga kelele ni mmoja.

Hata wenye WhatsApp wenyewe waliiona khatari hii. Januari 2019 waliwawekea watumiaji wa ulimwengu mzima mpaka wa kupeleka ujumbe uliokwisha pelekwa kwa watu au makundi matano tu kwa mara moja. Na Aprili 2020 ujumbe uliopita mikono mingi ukawekewa mpaka wa pahali pamoja tu kwa mara moja, nao ujumbe huo huwa na alama ya kuonyesha kwamba umepelekwa mara nyingi. Mjinga huiona alama hiyo akasema, "Hii ni khabari ya kweli, wengi wameipeleka." Mwenye kufahamu huiona akajua kwamba aliyeisema mwanzo amekwisha kuwa mbali mno.

4. ALICHOKIONA NA ALICHOKIDHANI

Imo katika Hadithi sahihi kwamba Sayyidna Umar alikuwa na jirani yake katika Answari, wakipeana zamu ya kuhudhuria kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kila mmoja akimpasha mwenziwe khabari za siku yake. Siku moja jirani yule alimjia na khabari kubwa, kwamba Mtume amewaacha wake zake. Umar alipokwenda msikitini akawakuta watu katika huzuni, wote wakisema hilo hilo. Hakuipeleka mbele khabari ile. Aliomba idhini ya kuingia kwa mwenye jambo lenyewe, akanyimwa, akarudia kuomba mpaka akaruhusiwa, akamwuliza. Jawabu lilikuwa: la, hakuwaacha. Mtume alikuwa amejitenga na wake zake kwa mwezi mmoja tu. Hapo Umar akaomba ruhusa ya kuwaarifu watu, akasimama mlangoni pa msikiti, akatangaza kwa sauti yake yote kwamba khabari ile si kweli.

Ndugu zangu, jirani yule hakuwa mwongo, wala watu wa msikitini hawakuwa waongo. Kujitenga kulikuwa kweli. Kuacha kulikuwa ni dhana yao. Uwongo mwingi wa khabari huzaliwa hivi, kwa watu wakweli walioona jambo moja wakalifasiri kwa jambo jingine, kisha tafsiri yao ikasafiri kwa jina la ushahidi.

Sisi wa bara ya Mombasa tumeyaona hayo katika feri ya Likoni. Jumapili ya tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma kutoka katika feri likatumbukia baharini, na ndani yake mlikuwa na mama na bintiye. Waliokuwapo waliona, na picha iliyopigwa kwa simu ilienea nchi nzima kabla ya usiku kuingia. Hayo ni ushahidi. Kisha zikapita siku kumi na tatu, wapiga mbizi wakitafuta katika kina cha mita hamsini na zaidi, mpaka gari likatolewa tarehe 11 Oktoba. Katika siku zile yaliyothibiti yalikuwa machache, na yaliyosemwa yalikuwa mengi mno: kila mwenye simu alikuwa mjuzi wa mikondo ya bahari, na kila mtu alikuwa na khabari ya siri. Bahari ilikuwa na kina, na khabari ya kweli ilihitaji siku. Dhana haikuhitaji hata saa moja. Na jamaa za wale marehemu walikuwa wakiyasoma yote hayo. Mwenye kuandika dhana yake juu ya msiba wa mwenziwe na akumbuke kwamba mfiwa naye ana simu.

Lakini pahali pale pale patupa funzo la upande wa pili. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya amri ya kutotoka nje usiku kwa sababu ya korona, polisi waliwapiga abiria waliokuwa wakingoja kuvuka Likoni, kabla ya saa ya amri kuingia. Hata mpiga picha wa televisheni aliyekuwa kazini alipigwa. Khabari ile haikuweza kukanushwa, kwa kuwa wako waliosimama pale na vyombo vyao, kwa majina yao, wakaonyesha walichokiona. Basi asiseme mtu kwamba sisi twawafundisha watu kuchukia vyombo vya khabari. Lau si mwandishi aliyesimama pahali pa tukio, mnyonge hana shahidi.

5. NENO LIMWAGALO DAMU

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya adabu tu. Mwaka 1994, katika mauaji ya Rwanda, redio ya RTLM ilikuwa ikiwachochea watu dhidi ya Watutsi na hata kutaja wa kuwindwa. Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha ilipotoa hukumu yake Disemba 2003, waliotiwa hatiani walikuwa wawili katika waasisi wa redio hiyo, na mhariri mmoja wa gazeti. Rufani ya 2007 ilipunguza vifungo vyao, lakini haikuwatoa gerezani.

Na kwetu Kenya, baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa kuwa 1,133, na katika ripoti yake ikavitaja vituo vya redio miongoni mwa waliopalilia chuki. Serikali nayo, tarehe 30 Disemba 2007, ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Je, watu walinyamaza? La. Jumbe fupi za simu zilijaa kila pahali, zisizo na jina wala isnadi. Mwaka 2018 tena, tarehe 30 Januari, vituo vitatu vikubwa vya televisheni vilizimwa kwa siku kadhaa kwa sababu ya hafla ya kisiasa ya upinzani jijini Nairobi, hata Mahakama Kuu ikaamuru vifunguliwe.

Mwenye kukifunga kisima hakuiondoa kiu. Watu watakunywa, na ikiwa hakuna kisima watakunywa dimbwini. Kwa hivyo twasema pande zote mbili: kituo kichocheacho fitina kihukumiwe kwa sheria na kwa jina lake, lakini kuzimwa kwa wasemaji wote wanaojulikana huwaacha watu mikononi mwa wasiojulikana.

6. KITUO KINACHOSTAHIKI KUAMINIWA

Chuo cha Reuters kilichoko Oxford huuliza watu kila mwaka juu ya imani yao katika khabari. Mwaka 2024, katika nchi na maeneo 47, walioaminia khabari kwa jumla walikuwa asilimia 40. Kenya walikuwa asilimia 64. Hesabu hiyo ni ya kufurahisha, lakini isomwe kwa hadhari, kwa kuwa huku kwetu walioulizwa ni wenye intaneti na wenye kujua Kiingereza. Mama auzaye mahamri Mtongwe, na mzee wa Jomvu mwenye redio ya betri, hawamo katika hesabu hiyo. Tena imani peke yake si sifa njema. Sauti niliyoipeleka mimi iliaminiwa na wazazi sitini.

Basi ni kituo gani kinachostahiki kuaminiwa? Tuchukue mfano tuujuao sote. Jioni ya mwezi 29 Shaabani watu huketi na redio zao wakingoja tangazo la Kadhi Mkuu. Kabla hajasema, simu zimekwisha kujaa: mwezi umeonekana huku, mwezi haukuonekana kule. Twajua kwamba Waislamu wa pwani wana khitilafu ya zamani, wako wafuatao mwandamo wa pahali pao, na wako wafuatao mwandamo wa popote. Khitilafu hiyo ni ya fikihi, na si pahali pake hapa. Ninalotaka mlione ni kwamba pande zote mbili, zitakapo kuridhika, huuliza mambo yale yale: umeonekana wapi, umeonwa na nani, wamekuwa wangapi, na ni nani aliyeupokea ushahidi wao? Jambo la saumu ya siku moja twalitakia mashahidi kwa majina. Na jambo la damu ya mtu twaliridhia kwa sauti ya mtu asiyejulikana!

Kituo chema ni kile kinachotaja wapi na nani. Kinachotenga alichokiona mwandishi na anachokidhani. Na kinachokiri kosa mlangoni pale pale kilipolitolea. Sayyidna Umar alikanusha kwa sauti yake yote, na mlangoni pa msikiti, kwa kuwa humo msikitini ndimo alimowakuta watu wakiyasema. Kituo kinachotangaza uwongo katika khabari za saa moja usiku, kisha kikausahihisha usiku wa manane kwa maneno mawili, hakikusahihisha.

Na tunawanasihi ndugu zetu watangazaji wa vipindi vya kupigiwa simu. Ni jambo zuri kumpa mwananchi nafasi ya kusema. Lakini mtangazaji asomapo hewani ujumbe wa msikilizaji wa Changamwe kwamba fulani ni mwizi, au kwamba mtaa fulani umevamiwa, asidhani kuwa ameazima sauti tu. Yeye naye amekuwa mpokezi. Wingi wa wapigao simu huongeza kelele za kipindi, wala hauongezi ukweli wake. Kumshirikisha msikilizaji kwa kweli ni kumruhusu aulize, apinge, na asahihishe, kisha ajibiwe.

Wala wasikilizaji wasiseme kwamba hawana njia. Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 imeweka Tume ya Malalamiko, na mtu yeyote aliyedhulumiwa na gazeti au kituo aweza kupeleka shitaka lake huko. Kulalamika barazani kila jioni bila ya kuandika barua moja ni uvivu tuliouzoea.

7. ADABU ZA MPOKEZI

Katika Suratul-Hujurat Mola wetu ametuamrisha kuihakiki khabari iletwayo na mtu fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki na majuto. Majuto hayo nimeyaonja, nami sikutakieni. Basi shikeni haya:

Kwanza, kabla ya kupeleka, jiulize: nimesikia kwa nani, naye alisikia kwa nani? Ukikosa jawabu, khabari na ife kwako.

Pili, tafuta siku na pahali. Khabari isiyo na siku yaweza kuwa ya miaka mingi nyuma, na picha isiyo na pahali yaweza kuwa ya nchi nyingine.

Tatu, khabari ikikutia hofu au hasira nyingi, ngoja. Mwenye kutaka kukutumia huanza kwa kukuondolea utulivu wako.

Nne, ikiwa ni jambo la usalama, mpigie mtu aliyeko pale, au mwenye dhamana ya mtaa. Mimi nalikuwa na wanafunzi watatu wanaokaa mtaa ule uliotajwa. Simu moja ingalitosha.

Tano, khabari ikihusu jambo kubwa, itafute kwa wasemaji wawili wasiotegemeana. Vituo viwili vyenye kunakili ukurasa mmoja ni msemaji mmoja.

Sita, ukikosea, sahihisha kwa wale wale uliowapelekea, tena kwa jina lako. Kuifuta tu haitoshi, kwani utaufuta ujumbe katika simu, na moyoni mwa watu utabaki.

Kwa hiyo jawabu la kijana wetu wa Likoni ni hili: usimsadiki mtu kwa kuwa ni redio, wala usimkadhibishe kwa kuwa ni simu. Msadiki mwenye kukuonyesha alikotoa, na mwenye kurudi kwako akisema "nalikosea" akikosea. Kisha nawe uwe hivyo kwa wanaokusikia.

MASUALA YA KUJIPIMA

1. Kwa nini khabari iliyopelekwa na watu elfu kutoka kwa mtu mmoja haihesabiwi kuwa mutawatiri?
2. Jirani wa Sayyidna Umar alikuwa mtu mkweli. Kosa lilitoka wapi?
3. Fungua simu yako uitazame khabari ya mwisho uliyoipeleka. Je, waweza kutaja isnadi yake?

Suala la tatu lijibiwe kabla ya mengine, na jawabu lake liletwe katika darasa ijayo. Mimi nalileta langu: wazazi wale sitini niliwaandikia siku ile ile kwamba niliyowapelekea haikuwa kweli, na kwamba mzee aliyepigwa hakuwa na kosa. Wengine walinijibu kwa kuniombea dua, wengine hawakujibu. Mzee yuko kazini kwake, ila mkono mmoja haunyooki vizuri, na madafu sasa hukatiwa na mwanawe. Kila nipitapo husimama kumwamkia, na suala lake bado ni lile lile.

Wallahu aalam. Wassalaamu alaykum.